Nani Anaamua Kwamba Wewe ni Mgonjwa?

Novemba 2017, mamilioni ya Wamarekani walilala wazima wakaamka wana presha. Miilini mwao hapakuwa na kilichobadilika. Vyama vya madaktari wa moyo nchini humo vilikuwa vimeshusha kipimo: presha ya juu, iliyokuwa ikianzia 140 kwa 90, sasa ikaanzia 130 kwa 80. Watu wazima wanaohesabiwa kuwa nayo wakapanda kutoka kama asilimia 32 hadi 46. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilibaki na 140 kwa 90, kwa hiyo mwenye 135 kwa 85 ni mgonjwa akiwa Chicago, lakini kwa kipimo cha WHO hajafika huko.

Madaktari wale hawakubahatisha. Kadiri presha inavyopanda ndivyo hatari ya kiharusi inavyoongezeka, ila hupanda kidogo kidogo, na mwili haukuweka alama ya kusema ugonjwa unaanzia hapa. Alama huwekwa na watu, wakipima faida ya kutibu mapema na gharama na madhara ya dawa.

Mwanafalsafa Christopher Boorse wa Marekani anashikilia kwamba ugonjwa ni suala la biolojia tu: kiungo kimeshindwa kazi yake ya kawaida. Georges Canguilhem, Mfaransa aliyekuwa daktari na mwanafalsafa, alishasema mwaka 1943 kwamba wastani wa takwimu hautoshi. Mtazame mtu anavyomudu maisha mahali alipo. Mimi niko upande wa Canguilhem.

Mchukue mtoto mwenye ualbino. Saratani ya ngozi inayomnyemelea ni ya kweli, na uoni wake hafifu ni wa kweli. Lakini akikalishwa dawati la nyuma, jua la dirishani likimulika ubao, haoni kitu, na mwisho wa muhula ataitwa mzito. Akihamishiwa mbele, akapewa maandishi makubwa, kofia pana na mafuta ya kujikinga na jua kama Kilisun ya Moshi, anasoma na wenzake. Jeni zake ni zilezile. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unautambua ulemavu hivyo hivyo: hali ya mtu ikikutana na vizuizi vinavyomzunguka.

Ukiambiwa una presha, usitupe dawa. Muulize daktari anatumia kipimo kipi na hatari yako ni kubwa kiasi gani. Nawe mwalimu mwenye mtoto mwenye ualbino darasani, mhamishie mbele leo.