Aliyebaki Nje ya Mlango

Tamthilia ikishaingia sebuleni haitoki upesi. "Lost", ya Wamarekani, iliingia kwetu kwa diski za kuazima, ikakaa misimu yote 6, na kila adhana ya Isha ilipokaribia ilibidi mkubwa mmoja ainuke aizime, vijana wakinung'unika.

Ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 2004. Ndege itokayo Sydney kwenda Los Angeles yaanguka kisiwani, na walionusurika wanakumbana na mambo yasiyoelezeka. Tuliahidiwa, au pengine tulijiahidi wenyewe, kwamba mwisho wake ungefumbua mafumbo yote. Sehemu ya mwisho, iliyorushwa tarehe 23 Mei 2010, haikuyafumbua. Kwa nini wajawazito walikuwa wakifa kisiwani? Mtoto Walt alikuwa na kipawa gani hasa? Hatukuambiwa. Badala yake tulifahamishwa kwamba ule ulimwengu wa pili, tuliokuwa tukionyeshwa msimu mzima wa 6, ni mahali walipojijengea wafu hao wenyewe ili wakutane kabla ya kuendelea mbele. Muislamu ajuaye habari za barzakh hulipokea hilo kama hadithi ya watunzi, basi. Wapo hata waliodhani kwamba abiria wote walikufa tangu siku ya ajali, ilhali Jack anaambiwa waziwazi na baba yake kuwa yote yaliyompata yalikuwa ya kweli.

Lililotuuma zaidi ni la Sayid. Huyu ni Mwiraki, Muislamu, aliyekuwa mtesaji katika jeshi la Saddam na akaishi akijutia kazi hiyo. Tulimwona akimtafuta Nadia kwa miaka, akampata, akamwoa, kisha Nadia akauawa. Mwishoni watunzi wakamkutanisha na Shannon, mwenzi wake wa siku chache za kisiwani. Bibi yetu, ambaye Kiingereza hakijui na hutafsiriwa kila kitu, aliuliza, "Na mkewe yuko wapi?" Hakuna aliyekuwa na la kumjibu.

Hata hivyo, diski ile hatukuirudisha siku hiyo. Kulikuwa na dakika chache ambazo Bibi alitaka azione tena.

Nje ya kanisa wanamokutania wote ameketi Ben Linus. Ndiye mwongo mkubwa wa tamthilia nzima. Kwa mikono yake alimnyonga John Locke, na kwa kiburi chake alimwacha Alex, binti aliyemlea, auawe mbele ya macho yake. Locke anafika akiwa katika kiti cha magurudumu. Ben hatafuti udhuru. Hasemi kwamba alilazimishwa, wala kwamba naye alikosewa. Anakiri kuwa alikuwa mbinafsi na mwenye husuda, akikitamani kila alichokuwa nacho mwenzake. Locke anamsamehe, kwa maneno machache mno. Kisha Ben, ambaye sasa hana analolitaka kwake, anamwambia kuwa haoni kama bado anakihitaji kile kiti. Locke anasimama, anaingia ndani kwa miguu yake.

Ben haingii. Anasema ana mambo ambayo bado hajayamaliza.

Sisi tuliofunzwa kwamba haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe asamehe, hatukuhitaji kufafanuliwa uzito wa kikao kile. Watunzi walioshindwa kueleza kisiwa chao walimjua vyema mdhulumu anayejua ukubwa wa deni lake. Michael Emerson, aliyemwigiza Ben, halii wala hapazi sauti. Anatazama chini tu, kama mtoto aliyeshikwa na kosa. Tunasema bila kusita kwamba hapo palitosha kuturudishia saa zetu nyingi, ingawa si zote.

Mjomba alishikilia kuwa ni haya ndizo zilizomzuia Ben kuingia. Dada yetu mkubwa akakataa: anamngoja Alex, alisema, kwa kuwa Locke hawezi kumsamehe kwa niaba ya binti yule. Bibi aliwasikiliza wote wawili, akaomba picha irudishwe nyuma mara ya tatu, akamtazama yule mtu aliyeketi peke yake usiku.

"Amesamehewa," alisema, "lakini na mmoja."

Adhana ya Isha ikaadhiniwa, na safari hii aliyeinuka kuizima alikuwa yeye.