Koo Liumapo, Moyo Waweza Kudhurika

Kuumwa koo ni jambo la kawaida kwa watoto, na wengi wao hupona bila ya kupelekwa zahanati. Mara nyingi chanzo chake ni virusi. Lakini mara nyingine chanzo ni bakteria waitwao streptokoki wa kundi A, na hao huweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huwapata hasa watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 15.

Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba madhara yake hayaletwi na bakteria wenyewe, bali na kinga ya mwili. Bakteria waingiapo kooni, mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomtambua mvamizi kwa umbo lake. Juu ya streptokoki kuna protini iitwayo M, ambayo baadhi ya sehemu zake hufanana na protini ya misuli ya moyo. Kwa sababu ya mfanano huo, katika baadhi ya watoto kinga hukosea, ikaushambulia mwili wenyewe. Hayo hutokea wiki 2 au 3 baada ya koo kuuma.

Maungio makubwa, kama vile magoti na vifundo vya miguu, huvimba na kuuma. Maumivu huhama kutoka ungio moja hadi jingine, kisha hutoweka bila ya kuacha kilema. Moyo hauna bahati hiyo. Vali zake, ambazo ni milango ya kuzuia damu isirudi nyuma, hupata makovu, nazo hushindwa kufunga au kufunguka sawasawa. Kila homa inaporudi, makovu huzidi. Hata hivyo, mtoto aweza kuishi miaka mingi bila ya kuona dalili yoyote.

Je, moyo ulioanza kudhurika waweza kuokolewa? Swali hilo lilichunguzwa kaskazini mwa Uganda kuanzia mwaka 2018. Watoto zaidi ya 100,000 walipimwa mioyo kwa mawimbi ya sauti, na 818 waliokuwa na dalili za mwanzo waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4, jingine halikuchomwa. Baada ya miaka 2, hali ilikuwa imezidi kuwa mbaya kwa watoto 3 tu kati ya 399 waliochomwa sindano, na kwa 33 kati ya 400 wasiochomwa. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2021.

Penisilini haifuti makovu ya zamani. Kazi yake ni kuwazuia bakteria wasiiamshe tena kinga. Kinga bora zaidi ni kutibu koo mapema: penisilini ikianza kutolewa kabla ya siku 9 kupita, homa yenyewe huweza kuzuiwa. Kwa hiyo, mwanafunzi mwenye koo linalouma pamoja na homa, au mwenye magoti yaliyovimba bila ya kuumia, asiambiwe avumilie. Apelekwe kwa mganga.