Askofu wa Mira hakutoka Hispania

Mwalimu wa binti yangu ameniandikia ujumbe akiniomba nisiwaharibie watoto wengine raha. Kosa la binti, mwenye miaka 7, ni kusema darasani kwamba Sinterklaas, mzee wa zawadi wa Waholanzi, alikuwa askofu na alikwisha kufa zamani sana. Hayo aliyasikia kwangu. Sikuomba radhi, na wala sitaomba.

Sinterklaas ni Mtakatifu Nikolao. Nikolao alizaliwa Patara, pwani ya kusini ya nchi ambayo leo ni Uturuki, akawa askofu wa Mira, mji unaoitwa Demre siku hizi. Inaaminika alifariki tarehe 6 Desemba, mwaka 343 hivi. Wagiriki humwita Mtenda Miujiza. Kisa chake kikubwa ni cha baba aliyefilisika akabaki na mabinti watatu wasioweza kuolewa kwa kukosa mahari, maana huko binti ndiye aliyekwenda nayo kwa mume. Nikolao akapita usiku, akarusha mfuko wa dhahabu dirishani, mmoja kwa kila binti, bila kutaka kujulikana. Safari nyingine watu watatu wasio na hatia walikuwa wamekwisha kupigishwa magoti wakatwe vichwa; akafika, akaushika upanga na kumnyang'anya aliyeushikilia. Mwaka 1087 mabaharia wa Bari, Italia, waliichukua mifupa yake kutoka Mira, na mingi ipo Bari mpaka leo.

Hispania, ambako watoto huambiwa Sinterklaas hutokea, imeingiaje basi? Husemwa ni kwa sababu Bari baadaye ilitawaliwa na wafalme wa Hispania. Waholanzi wameyashika hayo kweli kweli. Katikati ya Novemba mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kiaskofu anawasili kwa meli ya mvuke, televisheni inarusha mapokezi, na mpaka tarehe 5 Desemba watoto wana taarifa yao ya habari kila siku kuhusu yeye na farasi wake. Usiku mtoto anaweka kiatu karibu na hita, ndani yake karoti ya farasi. Asubuhi anakuta herufi ya kwanza ya jina lake, ya chokoleti, na vijibiskuti vidogo kama vifungo vya koti vinavyonukia mdalasini na karafuu. Jioni ya tarehe 5 mlango unagongwa kwa kishindo. Ukifungua, gunia la zawadi liko kizingitini na mgongaji hayupo. Nimeishi huku Uholanzi miaka 9, na hakuna jioni nyingine ambayo jirani amewahi kunigongea mlango bila miadi. Kwetu, siku ya Krismasi, mlango haufungwi.

Ila hiyo meli, pamoja na mtumishi mweusi anayembebea askofu gunia, vimetoka katika kitabu cha watoto cha mwaka 1850 cha Jan Schenkman, mwalimu wa Amsterdam. Wakati huo Suriname, koloni la Uholanzi, watumwa walikuwa bado hawajaachiwa. Waliachiwa mwaka 1863. Mtumishi huyo ndiye Piet. Kwa miaka mingi watu wazima walijipaka rangi nyeusi tii, wakavaa nywele za kipilipili za bandia na kupaka midomo rangi nyekundu. Tangu 2019, katika mapokezi ya kitaifa, akina Piet hupakwa masizi kidogo tu mashavuni.

Mwanangu wa kiume ana miaka 10. Novemba iliyopita mwenzake alimwambia yeye awe Piet, kwa kuwa hahitaji rangi. Alinisimulia akiwa bado amesimama mlangoni na begi mgongoni, akaniuliza kama yule askofu wa kweli alikuwa na mtumishi. Nikamwambia hapana, mifuko ile mitatu aliibeba mwenyewe. Akanyamaza, kisha akataka kujua mfuko mmoja wa dhahabu ulikuwa na uzito gani. Tukapima unga kwenye mzani wa jikoni, kilo moja, kilo mbili, na dada yake akaja kushika upande wa pili wa mfuko. Usiku ule binti aliweka kiatu chake kama kawaida, na karoti, akachora askofu aliyebeba mifuko mitatu. Mchoro huo ndio alioupeleka shuleni.

Wazazi wenzangu mlioko Uholanzi, wacheni watoto waweke viatu, wale na chokoleti. Lakini waambieni habari za Mira kabla ya meli kutia nanga.