Kabla ya Kulipia Mashine ya Milingi Iliyobadilishwa: Pima Kasi ya Spindo

Mnunuzi wa mashine ya milingi iliyotumika, iliyobadilishwa ili iendeshwe kwa inveta au kompyuta, huonyeshwa kioo chenye namba zinazopanda na kushuka kwa kugeuza kitufe kimoja. Namba hizo huvutia. Mara nyingi, hata hivyo, hazikupimwa kwenye spindo. Inveta imezikokotoa kutokana na masafa ya umeme unaopelekwa kwenye mota.

Tuchukue mota ya ncha nne. Kwa umeme wa hezi 50, uga wake wa sumaku huzunguka mara 1,500 kwa dakika, lakini rota hubaki nyuma kidogo. Ndiyo maana kibao chake huandikwa takribani 1,440, yaani kasi yake ikiwa na mzigo kamili. Kisha kuna mkanda na puli. Fundi akihamishia mkanda kwenye ngazi nyingine bila kubadilisha uwiano uliowekwa, kioo kinaweza kuendelea kusema 800 wakati kisu kinazunguka mara 1,600.

Kosa hilo si dogo. Kisu cha haispidi chenye kipenyo cha milimita 10, kikikata chuma laini kwa mwendo wa mita 25 kwa dakika, huhitaji takribani mizunguko 800. Kikizungushwa mara mbili ya hapo, makali huungua upesi. Na kikivunjika, kipande chaweza kuruka usoni mwa fundi.

Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi adai ugezi ufanyike mbele yake. Kisu kikiwa kimetolewa na spindo imesimama, kibandikwe kipande kimoja cha utepe unaoakisi (viwili vitaleta jibu maradufu). Ziamriwe kasi kadhaa, kwa mfano 300, 800 na 1,500, na kila jibu la takometa ya mwanga liandikwe kando ya kasi iliyoamriwa. Taa za mirija za aina ya zamani zizimwe kwanza: kwa umeme wa hezi 50 humeta mara 100 kwa sekunde, na takometa yaweza kuonyesha 6,000 hata spindo ikiwa imetulia tuli. Tumewahi kumwona muuzaji akilifurahia jibu hilo.

Majibu yakipungua kwa asilimia ileile kila mahali, uwiano ndio uliokosewa, na hurekebishwa kwenye mipangilio. Yakipishana kwa kiasi kilekile, tatizo huwa kwenye sifuri ya ishara ya volti inayotoka kwenye kompyuta. Yakiyumba yenyewe, mkanda ukaguliwe kwanza.

Mnunuzi atakayetumia umeme wa njia moja aulize pia jinsi mota ilivyoungwa. Mota ya volti 230/400 inayolishwa na inveta ya volti 230 huungwa kwa delta. Ikiachwa katika muungo wa nyota, itazunguka vizuri bila kazi na kulegea mara kisu kigusapo chuma. Aidha, kukata kwa muda mrefu kwenye hezi 10 au 15 huipasha mota joto, kwa kuwa feni iliyo kwenye mhimili wake nayo hupunguza mwendo.

Jedwali la vipimo liambatanishwe na risiti, likiwa na sahihi ya muuzaji na nafasi ya mkanda wakati wa kupima. Sanduku la inveta lisifunguliwe mara tu umeme unapozimwa: kapasita zake hubaki na chaji ya kuua, na muda wa kusubiri umeandikwa kwenye mwongozo wake.