Somo la Redio: Safari ya Kundi Baharini Hupangwa Pwani

Kaeni vizuri, fungueni madaftari, na kalamu ziwe tayari. Somo la leo ni juu ya safari za baharini za watu wengi pamoja, kila mmoja katika chombo chake kidogo. Labda mtauliza, "Jambo hili lina uhusiano gani na kujifunza kusoma na kuandika?" Sikilizeni mpaka mwisho, na jibu mtalipata.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya.

KAFI: Ni kasia fupi lisilofungwa kwenye chombo. Hushikwa kwa mikono miwili.
KAYAKI: Ni mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu. Mpigaji hukaa ndani, miguu mbele, na kafi lake lina ubapa huku na huku.
BAMVUA: Ni siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana.
MAJI MAFU: Ni siku ambazo maji hujaa kidogo na kupwa kidogo.
TANGAMBILI: Ni majira ya kati, upepo mmoja umekwisha na wa pili haujashika.

Kayaki asili yake ni nchi za baridi kali za kaskazini, kama vile Greenland na Alaska. Wenyeji wa huko waliiunda kwa mifupa ya nyangumi au magogo yaliyotupwa na bahari, wakaifunika kwa ngozi ya sili, wakaitumia kuwinda. Siku hizi nyingi huundwa kwa plastiki, na huonekana hata katika pwani yetu. Watu huungana wakafanya chama, wakasafiri pamoja kila mwezi.

Tuseme basi ninyi ni chama cha watu 12. Mnataka kupanga safari za mwaka mzima. Mtaanza wapi?

KWANZA: ANDIKENI KALENDA

Wazee wetu wa baharini hawakusafiri siku yo yote waliyopenda. Walifuata upepo, na ninyi fanyeni vivyo hivyo. Chukueni karatasi kubwa, andikeni miezi 12, na mbele ya kila mwezi andikeni hali ya bahari.

Kuanzia Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi. Asubuhi mara nyingi bahari ni nzuri, lakini mchana upepo huongezeka. Hiyo ni miezi ya safari fupi za asubuhi. Aprili na Mei ni masika. Mvua huficha nchi kavu usiione, na upepo hugeuka ghafula. Miezi hiyo tengenezeni vyombo na jifunzeni kuogelea. Juni, Julai na Agosti kusi huvuma kwa nguvu. Msiende bahari ya wazi; fanyeni mazoezi ndani ya hori iliyokingwa. Kumbukeni kwamba tarehe 18 Julai 2012 meli ya abiria, MV Skagit, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, Unguja, katika upepo mkali. Ikiwa bahari ya Julai iliishinda meli, kayaki itafanya nini? Septemba kusi hupungua. Oktoba na Novemba ni tangambili, na hapo ndipo pa kuweka safari zenu ndefu.

Kalenda hii itundikeni ukutani, mahali ambapo kila mwanachama ataisoma.

PILI: CHAGUENI SIKU NA SAA

Mwezi mmekwisha kuuchagua. Sasa chagueni siku, na hapo mwalimu wenu ni mwezi wa mbinguni. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu. Maji mafu huja baada ya mwezi kuwa nusu. Mvuvi anayehesabu tarehe za mwezi mwandamo atawaambia kwamba maji mafu ni karibu na tarehe 8 mpaka 10, na tena 22 mpaka 24.

Pwani ya Dar es Salaam na Unguja, siku za bamvua, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na huweza kukaribia mita 4. Maji mengi namna hiyo yakipita katika mlango mwembamba baina ya kisiwa na pwani, huenda kwa kasi na kuvuta vyombo. Siku za maji mafu tofauti huweza kuwa kama mita 1 tu, na mkondo hupungua nguvu.

Iko sababu nyingine. Siku za bamvua katika pwani yetu maji hupwa sana karibu na saa 4 au 5 asubuhi. Ukitaka kurudi saa hiyo, utaburuta chombo chako juu ya matope na matumbawe. Siku za maji mafu, saa hiyo hiyo maji huwa yamejaa. Kwa hiyo safari ya asubuhi ya watu wanaojifunza huwafaa siku za maji mafu.

Yako majedwali ya maji kujaa na kupwa, yenye saa na vipimo vya kila siku. Anayejua kusoma tarakimu aweza kuyatumia. Siku moja kabla ya kuondoka someni pia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikiwa kuna tahadhari ya upepo mkali au mawimbi makubwa, safari imeahirishwa, na maneno yameishia hapo.

TATU: FANYENI HESABU

Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule aliye polepole kuliko wote. Mpimeni kwanza katika maji yaliyotulia. Tuseme anapiga kafi kilomita 1 kwa dakika 20. Kwa saa moja atakwenda kilomita ngapi? Naam, kilomita 3.

Sasa twende kisiwa cha Mbudya, kaskazini ya Dar es Salaam. Kutoka pwani ya Kunduchi ni kilomita 3 hivi. Kwenda ni saa moja. Kurudi pia ni saa moja, lakini upepo ukitupinga huweza kuwa saa mbili. Hesabuni saa mbili. Tukiondoka saa 1 asubuhi, tutafika saa 2. Tutapumzika, na saa 4 tutaanza kurudi. Tutafika saa 5, au tukichelewa saa 6. Upepo wa mchana utatukuta nchi kavu.

Mbudya ni hifadhi ya bahari, hivyo mgeni hulipa kiingilio na hakuna ruhusa ya kuvua. Wekeni fedha hiyo katika hesabu ya safari. Kila mtu achukue maji ya kunywa, yasipungue lita 2, na kofia. Jua la baharini hupiga kutoka juu na kutoka majini.

NNE: PANGENI WATU

Wazee walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chagueni mkuu wa safari mmoja. Yeye hukaa mbele, na hakuna anayempita. Chagueni na mtu wa mwisho, mwenye nguvu na uzoefu, ambaye hamwachi mtu ye yote nyuma yake. Wengine waende wawili wawili, kila mmoja akimtazama mwenzake. Kila robo saa mkuu asimame, ahesabu watu.

Patanisheni alama, kwa sababu sauti hupotea katika upepo. Kafi likisimamishwa wima, maana yake njoni kwangu. Kafi likishikwa juu kwa kulala, maana yake simameni. Filimbi ikilia mara 3, kuna hatari.

Kila mtu avae jaketi la kuokolea tangu pwani mpaka pwani. Jaketi lililofungwa nyuma ya chombo halimsaidii aliyekwisha kuanguka majini. Tena, kabla ya safari ya kwanza, kila mwanachama apinduke makusudi katika maji ya kina kifupi, atoke, na asaidiwe na mwenzake kurudi ndani. Aliyepinduka asiiache kayaki yake. Chombo huonekana kwa mbali, lakini kichwa cha mtu baina ya mawimbi hakionekani.

TANO: ACHENI KARATASI PWANI

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu. Ili mlielewe, nitawaeleza lililotokea Uingereza.

Tarehe 22 Machi 1993 wanafunzi 8 wa shule, pamoja na mwalimu wao na waongozaji 2, waliondoka kwa kayaki katika mji wa Lyme Regis, kusini mwa nchi hiyo. Walikuwa wakienda Charmouth, mwendo wa kilomita 3 hivi. Angalieni: ni mwendo ule ule wa Kunduchi mpaka Mbudya. Upepo ulikuwa ukitoka barani kwenda baharini. Upepo wa namna hiyo hudanganya. Karibu na pwani nchi kavu huukinga, na maji huonekana shwari. Ukienda mbali kidogo, mawimbi huanza kukua, na kila dakika unasukumwa mbali zaidi.

Kayaki ya mwalimu ilipinduka mara kwa mara. Mwongozaji mmoja akabaki kumsaidia. Wanafunzi wakabaki na mwongozaji wa pili, na upepo ukawachukua. Kundi likagawanyika. Vyombo vikajaa maji, na watu wakawa ndani ya bahari ya baridi kali. Walitarajiwa kufika adhuhuri. Adhuhuri ikapita, wala msaada haukuitwa upesi. Saa nyingi zilipita kabla ya kuokolewa. Wanafunzi 4 walikufa.

Mwaka 1994 mahakama iliitia hatiani kampuni iliyoendesha safari ile, pamoja na mkurugenzi wake, kwa kosa la kuua bila kukusudia. Mwaka 1995 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya usalama wa vijana katika safari na michezo ya namna hiyo.

Bahari yetu ni ya joto, na mtu huweza kustahimili muda mrefu zaidi. Lakini upepo wa barani tunao, mkondo tunao, na mtu aliyechelewa kutafutwa hupotea hapa kama huko. Kwa hiyo kabla ya kuondoka andikeni karatasi, mpeni mtu mwaminifu anayebaki pwani. Iwe hivi:

Jina la mkuu wa safari, na namba yake ya simu.
Majina ya wasafiri wote, na idadi yao.
Idadi ya kayaki, na rangi zake.
Tunaondoka wapi, na saa ngapi.
Tunakwenda wapi, na kwa njia gani.
Tutarudi saa ngapi.
Tusiporudi saa ngapi, ita msaada.
Msaada uitwe kwa nani, na namba yake ya simu.

Mstari wa saba ni roho ya karatasi. Katika safari yetu ya Mbudya tutaandika, "Saa 7 mchana." Saa 7 ikifika, yule wa pwani hangoji, wala haoni haya. Huita msaada. Ikiwa wasafiri wamechelewa kwa uzembe tu, wao ndio watakaoomba radhi. Na wakirudi salama, kazi ya kwanza ni kumwendea na kusema, "Tumefika wote 12." Yeye ataandika saa chini ya karatasi, na safari itakuwa imekwisha.

Simu ya mkononi iwekeni katika mfuko usiopitisha maji, lakini msiitegemee peke yake. Simu hulowa, simu huishiwa chaji. Karatasi iliyo mikononi mwa mtu aliye nchi kavu hailowi.

Ndugu wanafunzi, jibu la swali letu ndilo hilo. Anayeweza kuandika majina 12 na saa moja ya kuita msaada, ameweka ulinzi juu ya watu 12. Ninyi mnaokaa kando ya Ziwa Victoria, Tanganyika au Nyasa, karatasi hii ni yenu pia. Na anayekwenda kuvua kwa ngalawa aweza kuiacha kwa mkewe au kwa jirani.

MASWALI

1. Kwa nini safari ndefu huwekwa Oktoba na Novemba?
2. Siku za maji mafu huja mwezi ukiwa na umbo gani?
3. Mtu apigaye kafi kilomita 1 kwa dakika 15 atakwenda kilomita ngapi kwa saa moja?
4. Kwa nini upepo unaotoka barani hudanganya?
5. Kwa nini aliyepinduka haachi kayaki yake?

KAZI YA NYUMBANI

Andika karatasi ya safari yenye mistari 8, kama tulivyoeleza. Chagua safari unayoijua, ya baharini au ya ziwani. Mstari wa saba uandike kwa herufi kubwa. Kisha mpe mtu wa nyumbani aisome kwa sauti. Asipoelewa, andika tena mpaka aelewe.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.