Bustani Wakati wa Baridi: Si Kila Kilichokauka Kimekufa

Mpendwa mama msomaji, kama unaishi Njombe, Makete, Mufindi au Lushoto, huhitaji kuelezwa maana ya mwezi wa saba. Unazijua asubuhi zile ambazo maji ya ndoo yanauma mikono, na watoto wanagoma kunawa uso. Lakini wewe uliyezoea joto la pwani tunakuomba utuvumilie, maana hata sisi tulikuwa watu wa joto. Tulipoambiwa kwamba hapa hapa Tanzania kuna mahali ambapo nyasi huamka nyeupe kwa baridi, tulicheka. Tulidhani tunataniwa.

Tulihamia Njombe kutoka Muheza, baba wa nyumba yetu alipopata uhamisho wa kazi. Tulikuwa watu sita: baba na mama, watoto watatu, na Bibi, mama mzazi wa baba. Bibi alikuwa amefiwa na Babu mwaka uliotangulia, nasi hatukuwa tayari kumwacha peke yake. Alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba hataondoka mikono mitupu. Akachimba shina la mchaichai lililokuwa nyuma ya jiko lake, ambalo Babu ndiye aliyelipanda, akalifunga katika gunia pamoja na udongo wake. Akakata na vijiti vya asumini. Safari nzima alivipakata kama mtoto mchanga.

Tulifika mwezi wa kwanza, wakati wa mvua. Udongo ulikuwa laini na kila tulichopanda kiliota. Bibi alipanda mchaichai wake karibu na mlango wa jikoni, na asumini chini ya dirisha. Tukapanda maharage, nyanya, maboga, karoti na kabichi. Nyuma ya nyumba tulikuta mfyulisi mkubwa, ule mti unaozaa matunda ambayo wengi huyaita mapichi. Kila jioni Bibi alichuma majani mawili matatu ya mchaichai kwa ajili ya chai. Tulimwona akianza kucheka tena.

Usiku mmoja tu

Mvua zilikatika mwezi wa tano. Mwezi wa sita baridi ilianza kubisha hodi, na mfyulisi ukapukutisha majani yote. Kisha ukaja usiku mmoja wa mwezi wa saba, anga safi bila wingu, wala upepo haukuvuma. Asubuhi tulikuta bustani yote nyeupe. Watoto walishangilia, wakakimbia kuikanyaga ili waisikie ikikwaruza. Ilikuwa sakitu, yaani umande ulioganda.

Shangwe ile haikufika saa nne. Jua lilipopanda, majani ya maharage na maboga yalilegea, yakawa meusi kama yaliyochemshwa. Nyanya zikaanguka. Asumini ikanyauka. Mchaichai ukabadilika rangi, na baada ya siku chache ukawa kama nyasi za kuezekea.

Bibi alisimama mlangoni amejifunga kanga mbili juu ya sweta. Alitazama shina lile kwa muda mrefu. Akasema, "Na hiki nacho kimekufa." Akarudi ndani.

Tangu siku ile hakutoka. Alikaa chumbani kutwa nzima, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, jiko la mkaa miguuni. Chakula alikula kidogo. Tulipomsemesha alijibu, "Niacheni niote moto." Nasi tukamwacha, tukidhani ni baridi tu.

Alasiri moja binti yetu mkubwa alimpelekea uji akamkuta amelala kwenye kiti, hajibu vizuri, analalamika kwamba kichwa kinapasuka. Tulimbeba tukamtoa nje kwenye hewa safi, kisha tukamkimbiza kwa mganga. Ndipo tulipoelezwa kwamba mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwamba watu hulala nayo wasiamke. Mama msomaji, tunakusihi, jiko la mkaa lisikae chumbani mtu anapolala, wala katika chumba kisicho na dirisha lililo wazi. Baridi haiui upesi kama hewa ile.

Bibi alipona. Lakini tulitambua kwamba kumwondolea jiko hakutoshi. Ilitupasa tupate kitu cha kumtoa ndani.

Somo la ukucha

Msaada ulitoka kwa jirani yetu, mama mtu mzima, mzaliwa wa hapo hapo. Alikuja kumpa Bibi pole, akabisha hodi kwa salamu ya kwao, "Kamwene!" Baada ya chai alimwomba Bibi amtembeze bustanini. Bibi akasema hakuna bustani, kuna makaburi. Yule mama akacheka, akamshika mkono. "Twende tuyaone hayo makaburi, bibi mwenzangu."

Alimpeleka moja kwa moja kwenye mfyulisi, ambao kwa kweli tulikuwa tumekwisha kupanga kuukata kuni. Akachagua kijitawi, akakwangua ganda lake kidogo kwa ukucha. Chini ya ganda lile la kijivu palikuwa na rangi ya kijani, mbichi, yenye maji.

"Umelala," akasema. "Usipolala kwenye baridi, hauzai."

Ni kweli. Mifyulisi, mitufaha na miplamu ni miti inayohitaji majuma kadhaa ya baridi ndipo ichanue vizuri. Ndiyo sababu inastawi Njombe na Lushoto, lakini haizai Muheza. Ile baridi tuliyoilaani ndiyo iliyokuwa ikiuandaa mti wetu.

Kisha walifika kwenye mchaichai. Bibi hakutaka kuugusa. Jirani akapiga magoti, akafunua udongo kwa vidole mpaka kwenye shina. Nje palikauka, lakini katikati palikuwa pagumu na peupe. Akasema, "Sikuahidi kitu, bibi mwenzangu. Ila usiung'oe, wala usiyakate hayo majani makavu. Ni blanketi lake. Ukiyakata sasa, utachipua mapema na baridi italiunguza chipukizi. Ufunike, ungoje mwezi wa tisa."

Kuhusu asumini alitikisa kichwa tu. Vijiti vilivunjika mkononi kama vijiti vya kiberiti.

Kazi ndogo ndogo za msimu

Kuanzia siku ile Bibi alikuwa na kazi. Hazikuwa kazi nzito, maana wakati wa baridi bustani haidai nguvu nyingi. Inadai macho na mazoea. Tunakuandikia zile tulizojifunza, huenda zikakufaa.

Kufunika na kufunua. Jioni ikiwa anga ni safi na hakuna upepo, jihadhari, kwani usiku wa namna hiyo ndio wa sakitu. Mawingu hurudisha joto la ardhi, na upepo huchanganya hewa. Funika miche kwa nyasi kavu, magunia au vikapu kabla jua halijazama, na asubuhi uifunue ipate mwanga. Kumbuka pia kwamba hewa baridi ni nzito, hutiririka kwenda chini kama maji. Mimea ya bondeni huungua kwanza, na ile ya kando ya mlima hupona.

Kumwagilia mapema. Mwagilia asubuhi jua likishapanda, usingoje jioni. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku taratibu. Udongo mkavu hauna akiba hiyo.

Kupogoa. Mfyulisi hupogolewa ukiwa umelala, kabla vifundo havijafumuka. Ondoa matawi makavu, yanayosuguana na yanayoziba katikati, ili mwanga uingie. Lakini usikate kila kitu, kwa sababu mfyulisi huzaa kwenye vitawi vilivyokua mwaka uliopita. Tumia kisu kikali au mkasi wa kupogolea. Bibi alikaa kwenye kigoda akielekeza kwa fimbo, watoto wakipanda.

Kutengeneza mboji. Usichome majani makavu. Kwanza, wakati wa kiangazi moto hukimbia. Pili, unateketeza chakula cha udongo. Tulirundika majani, mabua ya mahindi, maganda ya jikoni na samadi ya ng'ombe wa jirani, tabaka kwa tabaka, tukanyunyizia maji. Wadudu wadogo wasioonekana kwa macho huyala na kutoa joto. Kitinda mimba wetu alichoma fimbo katikati ya rundo, akaichomoa ikiwa ya moto, akadhani ni miujiza.

Mbegu na zana. Jioni tulipukuchua maharage makavu na kuchagua ya mbegu, tukayaweka kwenye chupa pamoja na majivu ili yasibunguliwe. Tukaandika jina na mwezi kwenye kila chupa. Tukanoa majembe na kupaka mafuta mipini isipasuke.

Uzuri uliojificha

Hakuna aliyetuambia kwamba bustani ya baridi ina uzuri wake. Tuliuona wenyewe, polepole, kwa kuwa tulikuwa tukitoka kila asubuhi kufunua miche.

Tuliona utando wa buibui uliopambwa kwa umande, kila uzi kama ushanga. Tuliona mishubiri ya kwenye ukingo wa njia ikisimamisha maua yake mekundu wakati kila kitu kingine kimekauka, na chozi, wale ndege wadogo wenye midomo iliyopinda, wakija kufyonza asali yake. Karibu na ukuta wa jirani palikuwa na ule mti wa majani mekundu unaoitwa na wengine ua la Krismasi. Tulishangaa kuuona mwekundu mwezi wa saba. Baadaye tulielewa kwamba mti huo hugeuka rangi usiku unapokuwa mrefu. Ulaya na Marekani usiku ni mrefu mwezi wa kumi na mbili. Kwetu sisi tulio kusini ya Ikweta ni mwezi wa sita na wa saba. Na yale mekundu si maua hasa, ni majani. Maua yenyewe ni yale madogo ya manjano katikati.

Uzuri mwingine ulikuwa wa mdomoni. Kabichi na karoti hazikufa kwa sakitu. Zilipigwa na baridi zikawa tamu zaidi, kwa kuwa mimea hiyo huongeza sukari ndani yake ili isigande upesi. Watoto waliokuwa wakikataa karoti walianza kuziiba.

Mwezi wa nane baba alipata safari ya kikazi ya Makete, akapita uwanda wa Kitulo, ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu, kwa ajili ya maua yake mengi. Aliporudi Bibi alimuuliza ameona maua gani. Baba akasema hakuona hata moja, ni nyasi za kahawia tupu. Maua ya huko huja na mvua, hasa kuanzia mwezi wa kumi na mbili. Wakati wa baridi mengi yake yako chini ya ardhi katika viazi na vitunguu vyake, yakingoja.

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hata bustani ya Mungu hulala."

Mwezi wa tisa

Mfyulisi ndio ulioanza. Kabla ya jani hata moja kuonekana, matawi yote yalijaa maua ya waridi, na nyuki wakaja. Tuliona haya tulipokumbuka shoka letu.

Mchaichai ulichelewa. Bibi aliufunua kila asubuhi, akaufunika tena kila jioni. Hatukuthubutu kumuuliza. Mpaka siku moja alituita kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu msiba. Tulikimbia tukidhani ameanguka. Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, na katikati ya yale majani makavu palikuwa na machipukizi matatu ya kijani, membamba kama sindano.

Asumini haikurudi. Hatutaki kukudanganya, mama mwenzetu. Kuna vitu ambavyo baridi huvichukua kabisa, na Bibi aliililia asumini yake kama alivyomlilia aliyeipenda. Lakini aliililia akiwa nje, juani, jembe mkononi, na jirani yake yuko pembeni.

Huenda nawe msomaji unapita katika msimu ambao kila kitu kinaonekana kimekauka, nyumbani au moyoni. Huenda una mzee ndani ya nyumba ambaye amefunga mlango wake. Usiharakishe kung'oa, wala kukata. Kwangua kwa ukucha kwanza. Mpe mzee huyo kazi ndogo inayomngoja kila asubuhi, hata kama ni kufunua mche mmoja tu. Na jirani akibisha hodi, mfungulie.

Mwaka huo wakati wa Krismasi tulikunywa chai ya mchaichai sote sita. Jirani alikuwa mgeni wetu. Alipokuwa akiondoka, Bibi alimgawia shina moja, limefungwa kwenye gunia pamoja na udongo wake.