Eka Tatu, Minazi na Bustani: Hesabu ya Ardhi Pembezoni mwa Mji wa Zanzibar

Mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi, Unguja, ulikuwa na watu 593,678. Sensa ya 2022 iliwakuta 893,169. Ongezeko hilo halikuingia Mji Mkongwe, ambao umekwishajaa. Limekwenda Fuoni, Tomondo na Kisauni, palipokuwa mashamba ya minazi na mihogo. Nyumba zimesogeleana, na nafasi ya bustani ya umma inazidi kuwa haba.

Chanzo ni namna ardhi inavyouzwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilikuwa mali ya Serikali, na familia nyingi ziligawiwa eka tatu tatu za kulima. Mwenye eka hizo hakupewa ruhusa ya kuzikata viwanja. Lakini kwa desturi ya Zanzibar mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine. Kwa hiyo karatasi ya mauzo husema minazi imeuzwa, na mnunuzi huweka msingi wa nyumba. Mpango wa mji wa 1982, uliotayarishwa pamoja na wataalamu wa China, ulitenga nafasi za wazi. Nyingi zilivamiwa kwa ujenzi.

Hapo ndipo penye hesabu. Shamba likitengwa mapema, fidia ni ya miti na mazao. Likichelewa, fidia ni ya nyumba na kuta, na bustani hubaki kwenye ramani.

Je, bustani inalipa? Forodhani, iliyofunguliwa 1936 na kukarabatiwa na taasisi ya Aga Khan hadi 2009, kila jioni ni soko la mishikaki, urojo na maji ya miwa. Bustani ya Fuoni isitegemee watalii, itegemee wakazi. Maji, taa, usafi na ulinzi vinataka fedha kila mwezi, hivyo vibanda vya kukodisha viwemo kwenye mpango tangu mwanzo.

Kwa mwekezaji mdogo, shauri ni moja: kabla ya kutoa kishika uchumba, muone sheha, kisha uliza Kamisheni ya Ardhi kiwanja kimepangiwa matumizi gani. Kiwanja rahisi kupita kiasi huenda kiko ndani ya nafasi ya wazi. Kinachotazamana na bustani kina faida. Kilicho ndani yake ni hasara inayosubiri siku yake.